Mama Mzee na Kiti Chake

Katika mashamba yetu mama mzee akianza kupinda mgongo, watoto wake humwekea kiti karibu na moto, wakimwambia, "Mama, pumzika sasa." Mimi nilifanya hivyo mama yangu alipoteleza penye zizi akavunjika kifundo cha mkono. Baada ya miezi michache alikuwa hawezi kuinuka kitini bila kushikwa. Daktari ndiye aliyenionyesha kosa langu.

Mwanamke akikoma kupata hedhi, ile homoni iliyolinda mifupa yake hupungua sana. Mifupa huwa kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi: kwa nje punje ni nzima, ndani ni matundu. Ugonjwa huu huitwa ostioporosisi. Hauna maumivu mpaka mfupa uvunjike, hasa wa kifundo cha mkono, nyonga au uti wa mgongo. Na mfupa usiopewa kazi huzidi kupungua.

Mtu atauliza, je, kubeba kuni si kazi? Ni kazi, lakini mzigo wa mgongoni humpinda mama mbele, na uti ulio dhaifu huweza kubonyea. Kuni na zichukuliwe na punda, au na vijana, nao wasinune.

Kazi inayofaa ni hii. Tia kiti imara ukutani kisiteleze. Mama avae viatu vinavyoshika, akae mbele ya kiti, mgongo wima, ainuke polepole bila kujisukuma kwa mikono, kisha akae polepole vilevile. Afanye mara 8, apumzike, arudie. Halafu ashike meza, ainue visigino na kuvishusha. Mwisho asimame mbele ya ukuta na kuusukuma kwa viganja, akikunja na kunyosha viwiko. Mara 2 au 3 kwa juma zatosha. Ikiwa nyepesi, ashike mfuko wa maharagwe wa kilo 1 kila mkono. Akiokota kitu chini, akunje magoti, asipinde mgongo.

Aliyekwisha vunjika mfupa, au anayeumwa mgongo ghafula, amwone daktari kwanza. Akipewa dawa asiziache kwa sababu ya mazoezi.

Mama yangu alianza kwa kuinuka mara 3 tu, akishika meza. Kigoda cha jikoni tulikijaribu. Hakifai, ni kifupi mno.