Mbuzi Anapokohoa: Vipimo Kwanza, Sindano Baadaye

Katika kata nyingi za Wilaya ya Chamwino, mbuzi ni akiba ya kaya: huuzwa mnadani ili kulipia matibabu, sare za shule au chakula pale mtama unapokosa mvua. Kwa sababu hiyo, kikohozi kinapoingia zizini, wafugaji wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya sindano kabla ugonjwa haujajulikana.

Magonjwa mawili huwachanganya zaidi. Homa ya mapafu ya mbuzi husababishwa na bakteria wa jamii ya mikoplazima, waliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1976. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, husababishwa na virusi. Yote mawili huleta homa kali, kikohozi na kamasi.

Zipo dalili za kuyatofautisha. Homa ya mapafu huwapata mbuzi, huku kondoo wa zizi hilohilo kwa kawaida wakibaki wazima. Mgonjwa hunyoosha shingo na kupumua kwa shida. Akifa na kupasuliwa, mara nyingi pafu moja tu ndilo lililoharibika, na kifua huwa na maji ya manjano. Sotoka huwapata kondoo pia, huambatana na vidonda mdomoni na kuharisha.

Hata hivyo, uthibitisho hutoka maabara. Afisa Mifugo huchukua damu, ute wa pua au kipande cha pafu, hukihifadhi kwenye barafu na kukipeleka Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), wenye kituo hapa Dodoma.

Kukisia kuna gharama. Penisilini hufanya kazi kwa kuharibu ukuta wa seli ya bakteria. Mikoplazima hawana ukuta huo, hivyo sindano hiyo haiwadhuru. Oksitetrasaiklini huweza kusaidia ikitolewa mapema. Kwa virusi vya sotoka, hakuna antibayotiki inayoviua. Kinga yake ni chanjo. Aidha, matumizi holela hujenga usugu wa dawa na kuacha mabaki katika nyama na maziwa.

Wafugaji wanashauriwa kumtenga mnyama anayekohoa, kutompeleka mnadani, kutotupa mzoga kabla haujakaguliwa, na kutoa taarifa kwa Afisa Mifugo wa kata siku hiyohiyo. Taarifa ya mapema huokoa zizi la mfugaji na la jirani yake.