Mita 25 za Kwanza: Watoto Wadogo na Timu za Kuogelea za Kiangazi Marekani

Katika vitongoji vya Marekani, hasa vile vinavyouzunguka mji wa Washington, timu ya kuogelea ya kiangazi ni shughuli ya ujirani kwanza na mashindano baadaye, na mzazi anayemwandikisha mtoto wa miaka sita kwa matumaini ya kumwona akiwa bingwa huwa amebisha mlango usio wake. Msimu huanza mwishoni mwa Mei na kumalizika baina ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, na kila timu huwa chini ya bwawa la mtaa, ambalo mara nyingi huendeshwa kwa ada za familia wanachama. Ligi ya Northern Virginia, ambamo mabwawa jirani hushindana kwa mtindo huo, ilianzishwa mwaka 1956.

Washiriki hugawanywa kwa umri, na kundi la chini kabisa ni la watoto wasiozidi miaka minane, ambao huogelea urefu mmoja tu wa bwawa, yaani mita 25, au yadi 25 pale bwawa lilipojengwa kwa kipimo hicho. Umbali huo ndio kigezo cha kweli cha utayari kuliko umri wenyewe. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani huona kwamba watoto walio wengi huwa tayari kwa masomo ya kuogelea wafikapo miaka minne, lakini masomo ni jambo moja na mazoezi ya timu ni jingine, kwa kuwa kocha mwenye kundi zima majini hawezi kumshika mkono mtoto mmoja anayeogopa kina. Mtoto asiyeweza bado kuvuka peke yake hafai kusukumwa. Msimu mmoja wa masomo humfaa kuliko miezi miwili ya kilio ukingoni.

Mitindo inayoshindaniwa ni minne: mtindo huru, wa chali, wa chura na wa kipepeo. Miwili ya mwisho ndiyo inayowatoa watoto machozi, kwani kanuni humtaka muogeleaji aguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa pamoja, na katika mtindo wa chura nyayo ni lazima zielekee nje wakati wa kusukuma maji. Mtoto akipiga miguu kama mkasi, mwamuzi huinua mkono naye huenguliwa, maana yake muda wake hauhesabiwi hata kama amefika wa kwanza. Wazazi wageni huliona jambo hili kuwa la kikatili kwa mtoto wa miaka saba, ilhali kwa makocha wengi ni sehemu ya kawaida ya kujifunza, na inafaa mtoto aelezwe hivyo kabla ya siku ya mashindano.

Siku hiyo huendeshwa kwa nguvu za wazazi, ambao hushika saa za kupimia muda, husimama kama waamuzi na kuwapanga watoto kwenye mabenchi, namba ya shindano na ya njia ikiwa imeandikwa mkononi kwa wino. Katie Ledecky alianzia katika ligi ya namna hii mjini Cabin John, Maryland, akiwa na miaka sita, na mwaka 2012, akiwa na miaka 15, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800; wenzake wengi wa timu hiyo ya kiangazi, bila shaka, hawakufika huko wala hawakuhitaji kufika.

Ujirani wa mabwawa haya haukuwa wazi kwa wote. Mabwawa mengi ya wanachama yaliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili yaliwafungia nje Waamerika Weusi, hadi Mahakama Kuu ilipotoa hukumu dhidi ya Little Hunting Park ya Virginia mwaka 1969 na dhidi ya Wheaton-Haven ya Maryland mwaka 1973. Siku hizi kikwazo ni ada, na katika baadhi ya mabwawa orodha ya kusubiri uanachama huchukua miaka. Kwa hiyo familia iliyohamia karibuni hufanya vyema kuulizia pia bwawa la umma la kaunti au manispaa, ambalo, pale linapokuwa na timu yake, halimdai mzazi kununua uanachama ili mtoto apate njia ya kuogelea.