Soko la Hevi Metali Lililokua Bila Redio

Wimbo wa bendi ya Metallica, "Master of Puppets", una dakika nane na nusu. Kwa mpangaji wa nyimbo katika kituo cha redio cha Marekani mwaka 1986, muda huo ulitosha nyimbo mbili na matangazo juu yake. Redio ya biashara huwauzia wenye matangazo masikio ya wasikilizaji, na msikilizaji anayekerwa na gitaa huhamia kituo kingine papo hapo. Wimbo ukawekwa kando. Albamu yenye jina hilo ikauza zaidi ya nakala milioni moja nchini humo.

Wanunuzi walipatikana barabarani. Mwaka huo Metallica walizunguka Marekani wakimtangulia Ozzy Osbourne jukwaani. Kabla ya hapo, vijana walikuwa wakinakili kanda za majaribio za bendi hiyo na kutumiana kwa posta, nchi hadi nchi. Huko Uingereza jarida la Kerrang! lilianza mwaka 1981, na BBC Radio 1 ilikuwa na kipindi cha Tommy Vance, Ijumaa usiku, mara moja kwa wiki. Naamini uhaba huo ndio uliojenga mtaji wa biashara hii: aliyehangaika kuusaka muziki hauachi kirahisi, na humrithisha mwanawe.

Bendi ya Iron Maiden iliujua vizuri mtaji huo. Mkesha wa Krismasi 1990 walitoa "Bring Your Daughter... to the Slaughter" katika matoleo kadhaa, wakati mauzo ya wengine yamelala. Mashabiki wakaingia madukani, na Januari wimbo ukashika namba moja Uingereza, ingawa BBC iliurusha kwa nadra sana.

Mwaka 1991 jarida la Billboard la Marekani liliacha kutegemea taarifa za wenye maduka, likaanza kuhesabu mauzo yaliyosomwa na mashine za kulipia. Juni, kwa hesabu hiyo mpya, albamu ya bendi ya Skid Row ikaingia moja kwa moja namba moja. Agosti wakafuata Metallica na albamu yao, safari hii wakiwa na mtayarishaji Bob Rock na nyimbo fupi zaidi. Redio ikaipokea "Enter Sandman" kwa mikono miwili, na albamu hiyo imeshapita nakala milioni 16 Marekani pekee. Nguvu ya redio, basi, si ya kubezwa. Ila ilikuja kuchuma shamba lililolimwa na wengine.

Wala haimlipi kila aliyelima. Redio za AM na FM za Marekani hulipa mirabaha kwa watunzi na wachapishaji wa nyimbo tu. Mpiga ngoma asiyetajwa kwenye utunzi hapati hata senti wimbo unaporushwa. Riziki yake iko kwenye tiketi na fulana.

Leo vituo vya roki ya zamani hurudia nyimbo chache zilezile za Black Sabbath, Judas Priest na Metallica, kwa kuwa zimeshajaribiwa na haziwafukuzi wasikilizaji. Bendi changa inakuta mlango uleule wa 1986, umefungwa, na wanaojaza viwanja wanazeeka. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath waliaga jukwaa Villa Park, Birmingham, mji uliowazaa. Siku 17 baadaye mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki dunia.