Iache dalia ilale

Mwezi wa saba, bustani ya shangazi yangu kule Njombe haina cha kumwonyesha mgeni. Mahali ambapo mwezi wa tatu palikuwa na ukuta wa maua mekundu, meupe na ya zambarau, sasa pamebaki udongo uliofunikwa nyasi kavu, na vijiti vya mwanzi vilivyochomekwa kuonyesha kila shina lilipokuwa. Bondeni, kwenye vinyungu, watu wanamwagilia mboga asubuhi na jioni. Shangazi naye ana ndoo na ana maji, lakini pale kwenye vijiti hamwagi hata kikombe. Siku niliyobeba ndoo ili nimsaidie, alinizuia kwa upole: "Acha, mwanangu. Hizo zimelala."

Sikumwelewa. Mwaka ule niliondoka na viazi vitatu vya dalia, nikavipanda nyumbani kwangu Iringa mwezi wa nane, nikawa navimwagilia kila jioni. Wiki ya tano nilifukua kuona kulikoni. Vilikuwa vimelainika kama ugali uliochacha, na harufu yake iliniambia habari kabla sijavigusa. Maji yangu ndiyo yaliyoviua.

Tangu hapo nimeotesha dalia misimu mingi. Mtu anayeanza akiniomba neno moja tu la kushika, nampa lile la shangazi: dalia ni mmea unaolala. Ukiheshimu usingizi wake, utapata maua miezi mitano mfululizo. Ukiuvuruga, utapata tope.

Kwa msomaji wa pwani, neno "dalia" lina maana nyingine ya zamani: poda ya manjano yenye harufu nzuri ambayo wanawake hujipaka. Ua hili halina uhusiano nayo, na wala halina harufu ya kutajwa. Uzuri wake wote umo katika rangi na umbo. Jina lake linatokana na Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyefariki mwaka 1789. Mwaka huohuo bustani ya kifalme ya Madrid ilipokea dalia kutoka Mexico, na mwaka 1791 padri na mwanasayansi wa Hispania, Antonio José Cavanilles, akaupa mmea huo jina la kumkumbuka Dahl.

Wenyewe walioujua tangu kale ni Waazteki wa Mexico. Moja ya majina waliyoyatumia, acocotli, lilihusu bomba la maji, kwa sababu shina la dalia lina uwazi ndani kama mwanzi. Waliufahamu pia kama chakula na dawa, na hadi leo zipo sehemu za Mexico ambako viazi vyake huliwa. Mwaka 1963 Mexico iliitangaza dalia kuwa ua la taifa.

Asili hiyo ya Mexico ndiyo inayoeleza usingizi wenyewe. Dalia za porini huota milimani na kwenye nyanda za juu, ambako mchana ni wa wastani na usiku ni wa baridi. Mvua za kule huja kwa msimu mmoja mkubwa, kisha unafuata ukame wa miezi kadhaa. Mmea umejifunza kukua na kuchanua wakati wa mvua, kuweka akiba ardhini, kisha kukauka juu na kusubiri. Zile mvua za Novemba hadi Aprili tulizonazo Njombe, Iringa na Mbeya, pamoja na kiangazi chetu kirefu, ni maisha ambayo dalia imeyazoea. Ndiyo maana inatupenda.

Tatizo ni kwamba maelezo mengi ya kutunza dalia yameandikwa Ulaya. Kule mkulima hufukua viazi kabla ya theluji na kuvirudisha ardhini baridi ikiisha, kwa hiyo kalenda yake ni ya baridi. Kalenda yetu ni ya mvua. Njombe hupata sakitu mwezi wa sita na wa saba, na majani hukutwa asubuhi yameungua na kuwa meusi, lakini sakitu yetu haifiki kwenye viazi vilivyo chini ya udongo. Adui mkubwa wa dalia iliyolala hapa kwetu ni unyevu.

Kabla ya kupanda, chukua kiazi cha dalia mkononi ukiangalie vizuri. Kinafanana na kiazi kitamu chembamba, na viazi kadhaa hukaa pamoja kwenye shina moja kama mihogo. Hapa mkulima wa viazi mviringo inabidi asahau alichozoea. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, hivyo ukikata kipande popote penye jicho kitaota. Kiazi cha dalia hakina jicho hata moja kwenye mwili wake. Macho yote yapo shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Ni kinundu kidogo kama kichwa cha kiberiti, mara nyingi chenye wekundu kidogo. Kiazi kilichovunjika shingo, hata kama ni kinene na kizuri, hakitatoa mmea. Kitakaa ardhini hadi kioze. Basi ukipewa viazi na jirani, omba vichache vyenye jicho kuliko kapu zima la visivyo nalo.

Panda mvua za kwanza zikishatulia. Chagua mahali panapopata jua la kutosha, angalau saa sita kwa siku, na maji yasipotuama. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mboji na mchanga kidogo, au upande kwenye tuta. Chimba kina cha sentimita 10 hadi 15, laza kiazi jicho likitazama juu, na acha nafasi ya sentimita 60 kati ya shimo na shimo kwa aina ndefu. Kabla ya kufukia, chomeka nguzo ya mwanzi kando ya kila shimo. Ukisubiri mmea urefuke ndipo uchomeke, utatoboa viazi usivyoviona.

Ukishafukia, usimwagilie. Kiazi kina akiba yake ya maji na chakula, na hakina mizizi ya kunywa unachokimwagia. Unyevu wa mvua unatosha. Chipukizi likitokeza, hapo ndipo kazi ya maji inaanza, na mvua zikikatika wiki moja au mbili, mwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki badala ya kunyunyiza kila siku.

Mmea ukifika urefu wa sentimita 30 na jozi tatu au nne za majani, kata ncha ya juu. Mara ya kwanza mkono husita, kwa sababu unakata kitu kilichostawi. Lakini ncha ile ikibaki, mmea utapanda juu kwa shina moja na maua machache. Ikikatwa, matawi hutoka pembeni, na kila tawi litakuja na maua yake. Endelea kufunga matawi kwenye mwanzi kwa kamba ya katani kadiri yanavyorefuka, bila kuyabana. Lile shina lenye uwazi ambalo Waazteki waliliona ndilo linalovunjika upepo mmoja ukipita baada ya mvua, maua yakiwa yamejaa maji.

Samadi iliyoiva iwekwe shimoni wakati wa kupanda. Baada ya hapo uwe na kiasi, hasa mbolea zenye naitrojeni nyingi kama urea. Zitakupa majani mapana ya kijani na maua ya kutafuta kwa tochi, na viazi vyake havitadumu vizuri kiangazi. Majivu kidogo ya kuni yanasaidia kwa potasiamu yake.

Wiki tatu za mwanzo, chipukizi likiwa laini, konokono ndio hatari kuliko wote. Hula usiku, na asubuhi unakuta kijiti tu. Pete ya majivu huwazuia, ila mvua ikiyalowesha nguvu yake inakwisha, kwa hiyo njia ya uhakika ni kutoka na tochi ukawaokote. Vidukari hujazana kwenye ncha na chini ya vichomozo vya maua. Waoshe kwa maji ya sabuni mapema, kwa sababu hao ndio wanaohamisha virusi. Mmea ukidumaa, majani yakaonyesha michirizi ya manjano kufuata mishipa, huo ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa. Ung'oe pamoja na viazi vyake uchome moto. Usimpe mtu, na kisu ulichotumia kipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mmea mwingine.

Maua huanza miezi miwili hadi mitatu baada ya kupanda. Zipo dalia ndogo za duara zisizofika sentimita 5, na zipo zinazopita sentimita 25, upana wa sahani ya wali. Rangi karibu zote zipo isipokuwa buluu. Utajiri huo unatokana na kwamba dalia za bustanini zina seti nane za kromosomu, wakati viumbe vingi vina mbili. Ndiyo maana mbegu ya dalia nyekundu inaweza kukupa ua la chungwa, jeupe au la rangi mbili. Ukitaka ua lilelile, panda kiazi. Ukitaka ua ambalo hakuna mwingine analo, otesha mbegu.

Kata maua mara kwa mara, maana kadiri unavyokata ndivyo mmea unavyochanua. Yaliyonyauka nayo uyaondoe, ila uwe makini: kichomozo kipya ni cha duara kama kifungo, na ua lililokwisha hujifunga likawa na ncha kama pia. Wengi hukata cha kwanza wakiacha cha pili. Maua ya ndani ya nyumba yakatwe alfajiri yakiwa yamekaribia kufunguka yote, kwa kuwa kichomozo cha dalia kikishakatwa hakifunguki tena. Badilisha maji kila siku, nayo yatakaa siku nne hadi sita.

Siku hizo chache ndizo zinazoifanya dalia iwe ua la nyumbani. Waridi la Naivasha au la Arusha hupanda ndege likafika Ulaya likiwa bado zima. Dalia haivumilii safari kama ile, kwa hiyo ni nadra kuikuta kwenye mashada ya dukani. Anayeitaka sebuleni, altareni au kwenye kaburi la mzazi wake hana budi kuiotesha au kuwa na jirani aliyeiotesha.

Mvua zikiisha na majani yakikauka, kata mashina ubakize sentimita 15. Kumbuka lile bomba: shina lililokatwa ni mdomo wazi, na mvua ya mwisho au umande ukiingia hushuka moja kwa moja hadi shingoni kwenye macho. Lifunike kwa udongo au kipande cha karatasi ya nailoni. Rundika nyasi kavu juu yake, chomeka kijiti cha alama, na uache. Kama bustani yako hutuama maji, subiri wiki moja au mbili baada ya kukata, macho yavimbe uyaone, kisha fukua kwa kuchimba mbali na shina. Hifadhi viazi kwenye boksi lenye maranda makavu ya mbao, mahali penye kivuli, na uvikague kila mwezi. Kilichoanza kuoza ondoa, na kilichosinyaa nyunyizia matone machache. Wenzetu wa Lushoto, Moshi na Limuru, wenye masika na vuli, hawana kiangazi kirefu kama chetu, kwa hiyo kufukua na kuhifadhi pakavu ndiyo njia yao ya kuipa dalia usingizi.

Kila baada ya msimu mmoja au miwili, gawanya fungu la viazi, kila kipande na jicho lake. Kiazi kimoja ulichopanda huweza kukupa vitano au zaidi, na hapo ndipo dalia inapotoka ua mmoja kwenda mwingine. Zangu zote za leo zimetokana na fungu moja la shangazi, alilonipa upya mwaka uliofuata bila kuniuliza ya kwanza yalikwendaje.

Kiangazi hiki, ukiona vijiti vya mwanzi kwenye bustani ya jirani, piga hodi. Mwombe kiazi kimoja chenye jicho, kiweke pakavu, na usikipe maji. Mvua za Novemba zikitulia, kipande.