Chumvi ya Jikoni na Tezi ya Mama Mjamzito

Wengi wetu wa mwambao hudhani kuwa rovu ni maradhi ya watu wa milimani. Bahari tunayo, samaki tunao, basi madini joto yatatupunguaje? Lakini chumvi ghafi ya mashambani, ile inayopimwa kwa kopo sokoni, huwa na madini joto machache mno. Hata Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari, upungufu huo umewahi kudhihirika.

Katika miezi mitatu ya mwanzo, tezi ya mtoto bado haijaanza kazi. Ubongo wake hujengwa kwa homoni ya mama. Mjamzito huhitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, ilhali mtu mzima mwingine hutosheka na 150. Upungufu mkubwa huweza kuharibu mimba au kudumaza akili ya mtoto, na hasara hiyo hairudishiki.

Basi, ewe baba uendaye sokoni, nunua chumvi yenye madini joto hata kabla mkeo hajashika mimba. Kiasi kisiongezwe; ibadilishwe aina tu. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mwenye maradhi ya tezi amweleze daktari mapema, wala asijinunulie vidonge vya madini joto, kwani yakizidi nayo hudhuru.