Hati ya Dakika Tano



Karani wa ghala hamfungulii mtu kwa kusema tu, “Nimetumwa.” Hutaka hati. Na kompyuta ni hivyo hivyo. Twatoa mfano wa Ghost, programu ya kuchapishia majarida kwenye intaneti. Apewaye ruhusa ya usimamizi humo aweza kufuta makala na kubadili orodha ya wanachama.

Ufunguo wake una sehemu mbili: namba ya kuutambulisha, na siri. Siri haipelekwi. Kompyuta iombayo huandika hati yenye namba ile, saa ya kuandikwa na saa ya kwisha, isiyozidi dakika 5. Kisha huitia sahihi kwa hesabu itokanayo na siri. Mpokeaji, naye anayo siri, hupiga hesabu ile ile. Zikilingana, na muda haujapita, hukubali. Herufi moja ikibadilishwa, hukataa. Hati hii huitwa JWT. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2015.

Lakini sahihi si bahasha. Aipataye hati huisoma, na aweza kuitumia mpaka muda wake uishe. Aipataye siri hujiandikia hati apendavyo. Basi siri ikivuja, ufunguo ubadilishwe siku ile ile.