Avidini na Biotini: Muungano Usioachia

Avidini ni protini inayopatikana katika ute wa mayai ya ndege, na biotini, ambayo huitwa pia vitamini B7, ni vitamini inayohitajiwa na mwili kwa kiasi kidogo mno ili baadhi ya vimeng'enya viweze kuunda mafuta na kuchakata asidi amino. Viwili hivi vikikutana hushikana kwa nguvu ambayo ni nadra kuonekana penginepo katika kemia ya viumbe hai, ingawa hakuna atomu ya kimoja inayochangia elektroni na atomu ya kingine. Juu ya mshikamano huo umejengwa upimaji mwingi wa homoni, virusi na vinasaba unaofanyika leo maabarani, na ni mshikamano huohuo unaoweza kumpa mgonjwa majibu ya uongo.

Chanzo cha maarifa haya kilikuwa utafiti wa lishe. Mwaka 1927 Margaret Boas, aliyefanya kazi London, alieleza kwamba panya waliolishwa ute mkavu wa yai usiopikwa walipata ugonjwa wa ngozi na kunyonyoka manyoya, ilhali ute uliogandishwa kwa moto haukuwadhuru, na kwamba ini lilikuwa na kitu kinachowakinga. Paul György alikiita kitu hicho vitamini H. Kwa njia nyingine kabisa, Fritz Kögl na Benno Tönnis wa Utrecht walikuwa wakitafuta kirutubishi kinachokuza hamira, na mwaka 1936 walifaulu kukitenga kutoka kwenye viini vikavu vya mayai na kukiita biotini. Ilibidi kungoja hadi 1940 ndipo ikathibitika kwamba pande hizo mbili zilikuwa zikitafuta kitu kimoja. Wakati huo Robert Eakin, Esmond Snell na Roger Williams, katika Chuo Kikuu cha Texas, walikuwa wakiichunguza protini ya ute wenyewe, ile waliyoipa jina la avidini. Kumbe ute haukuwa na sumu yoyote. Ulikuwa ukiinasa biotini ndani ya utumbo na kutoka nayo mwilini, kwa kuwa mmeng'enyo wa chakula hauwezi kuuvunja muungano huo, na panya wakabaki na upungufu katikati ya shibe. Joto la kupikia huharibu umbo la avidini, hivyo mla mayai ya kuchemsha hana la kuhofia.

Avidini imeundwa na vipande vinne vinavyofanana, na kila kipande ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja katika nyuzi nane zilizopangana kama pipa, lenye upenyo upande mmoja. Biotini huingia kichwa mbele katika upenyo huo, ambamo vifungo vingi vya haidrojeni, yaani mvutano baina ya haidrojeni yenye chaji kidogo chanya na atomu kama oksijeni au nitrojeni, huikamata kutoka kila upande, huku asidi amino aina ya triptofani, zinazoyachukia maji, zikiibana kando. Mojawapo ya triptofani hizo hutoka katika kipande jirani, na hii ni sababu mojawapo ya protini hii kushika vizuri zaidi ikiwa na vipande vyake vyote vinne. Kitanzi cha mnyororo huo kisha hufunika mdomo wa upenyo. Wanakemia hupima mshikamano kwa namba ya mtengano, ambayo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mshikamano unavyozidi kuwa imara: kwa kingamwili nyingi nzuri namba hiyo huwa kati ya 10⁻⁹ na 10⁻¹¹ mole kwa lita, na kwa avidini na biotini ni takriban 10⁻¹⁵, tofauti ya mara elfu kumi hadi milioni moja.

Hata hivyo, nguvu peke yake isingeifanya avidini kuwa chombo cha kazi. Lililo muhimu zaidi ni mkia wa biotini, ambao hubaki umeelekea mdomo wa upenyo na una kundi la kaboksili ambalo mkemia anaweza kuliunganisha na kitu chochote atakacho, iwe kingamwili, kipande cha DNA au kimeng'enya, bila kukiharibu kichwa kinachonaswa. Kwa kuwa biotini ni ndogo sana, kiasi cha dalton 244, protini iliyobandikwa kwayo kwa kawaida huendelea kufanya kazi yake. Edward Bayer na Meir Wilchek, wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, walikuwa miongoni mwa walioigeuza hali hiyo kuwa mbinu ya jumla kuanzia miaka ya 1970: avidini ikawa ulimbo uliopakwa juu ya chembe za sumaku au kuta za vijishimo vya kupimia, na chochote chenye biotini kikipita hunaswa. Mwaka 1981 Su-Ming Hsu na wenzake walitumia zile nafasi nne za avidini kusuka mafungu makubwa ya avidini na vimeng'enya, ambayo hujikusanya mahali kingamwili ilipotua katika kipande cha nyama kilicho chini ya hadubini na kupaonyesha kwa rangi iliyokolea.

Wataalamu wengi siku hizi hawatumii avidini ya yai, kwa sababu ina chaji chanya nyingi na minyororo ya sukari inayoifanya inate hata pasipo na biotini. Badala yake hutumia streptavidini, ya bakteria Streptomyces avidinii, ambayo haina sukari hizo na ambayo, ajabu ni kwamba, ina umbo karibu sawa na la avidini ingawa mpangilio wa asidi amino zake ni tofauti kwa sehemu kubwa.

Kasoro ya muungano huu imo katika sifa yake. Anayetaka kuitoa protini aliyoinasa bila kuiharibu hana njia rahisi, na ndiyo maana zimebuniwa biotini dhaifu kwa makusudi, kama desthiobiotini, ambayo husukumwa nje mara biotini halisi inapomiminwa. Zaidi ya hapo, avidini haina namna ya kutambua kama biotini iliyoinasa imetoka kwa mtaalamu au kwa mgonjwa. Ini na figo zina biotini yao wenyewe, hivyo mpimaji wa vipande vya viungo hivyo hulazimika kuiziba kwanza, asije akaona rangi mahali pasipo na ugonjwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika damu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 30 hivi za biotini kwa siku, lakini vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, ambavyo manufaa yake kwa mtu asiye na upungufu hayajathibitika, mara nyingi huwa na mikrogramu 5,000 au 10,000. Katika kipimo ambacho kingamwili yenye biotini inapaswa kunaswa na streptavidini, biotini huru ya mgonjwa hutangulia kuzijaza nafasi, kingamwili husuuzwa pamoja na kile ilichokishika, na homoni inayotafutwa huonekana pungufu. Katika vipimo vya ushindani, ambamo homoni ya mgonjwa hugombea nafasi na ile iliyoandaliwa maabarani, hivyo mwanga hafifu wa kipimo humaanisha kiasi kikubwa, kosa hugeuka na jibu hupanda. Mtu mwenye tezi nzima ya thiroidi anaweza hivyo kuonekana ana kiwango cha chini cha TSH, homoni inayoichochea tezi hiyo, na cha juu cha T4, homoni ya tezi yenyewe, picha inayofanana na ya ugonjwa wa Graves, ambamo thiroidi hufanya kazi kupita kiasi, akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Mnamo Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari iliyotaja kifo cha mgonjwa aliyekuwa akimeza biotini nyingi, ambaye kipimo chake cha troponini, protini inayovuja damuni moyo unapoumia, kilikuwa kimetoa kiwango cha chini kisicho cha kweli.

Kuacha vidonge kwa siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu hutosha kwa wengi wenye figo nzima, ila anayemeza kidonge cha nywele mara nyingi hakihesabu kuwa dawa, na akiulizwa dawa anazotumia hakitaji. Baadhi ya watengenezaji wa vitendanishi wamechagua njia nyingine, nayo ni kuziunganisha kingamwili na streptavidini kiwandani, kabla damu ya mgonjwa haijafika, ili biotini itakayokuja baadaye ikute nafasi zimekwisha kujazwa.